Jina la Kwanza kwenye Rejista

Valea Răchitei, 5 Februari 1999

Mwalimu Sabău, shikamoo huko juu mawinguni,

Darasa limenituma nikuandikie kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu wenzangu wote ni wavivu. Ni mimi Ilinca, kiongozi wa 12B mpaka wanipindue. Umeondoka wiki mbili tu na tayari tumemchoka Bi. Rusu. Wewe mtu akikosa kipindi na kuleta sababu ya kueleweka, ulikuwa unazungushia duara utoro wake kwenye rejista, mambo yanaisha. Bi. Rusu anataka cheti cha daktari hata kwa mafua.

Anapoita majina anaanzia namba mbili, kama ulivyokuwa unaanza wewe tangu Desemba. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa unanyamaza kidogo kwanza. Yeye hanyamazi, anaruka ule mstari mwekundu uliokata jina la kwanza na kuendelea.

Mama Varvara bado anafagia shule na kupiga kengele. Ameniuliza kama umeitunza ile karatasi ya kukuaga, yenye majina yetu yote kwa mpangilio wa rejista, kila mtu kwa mkono wake. Pale juu aliandika yeye mwenyewe, "Achim Pamfil," na ule msalaba ni wake. Anasema tangu mto umchukue mwanawe hajapata kuliandika jina lake bila mkono kutetemeka, ila siku ile haukutetemeka.

Sasa shida yetu. Juni, siku ya kengele ya mwisho, mwalimu wa darasa huita majina yote kwa mara ya mwisho na kila mtu hujibu "nipo". Likiitwa la marehemu, darasa zima hujibu "hayupo". Hatutaki tuitwe na Bi. Rusu. Utakuja?

Watu mjini wanasema umefuata mshahara. Mimi nawajibu kwamba hakuna mwenye akili anayefuata mshahara kwenye theluji. Nisahihishe kama nimekosea.

Ilinca Tămaș, namba ishirini na mbili

*

Kituo cha Piatra Vântului, 14 Februari 1999

Mpendwa Ilinca,

Leo ni nyuzi kumi na saba chini ya sifuri, upepo unatoka kaskazini, na ukungu unaniachia nione hatua arobaini, zaidi ya hapo hakuna dunia. Kazi ya kituo cha hali ya hewa ni rahisi. Kila saa natoka, nasoma vipimo, naviandika, natuma namba kwa redio. Hewa haiombi ruhusa ya kwenda kuvuta sigara nyuma ya jengo. Mwambie Traian nimemkumbuka hapo.

Karatasi yenu ipo mahali pazuri. Nusu saa chini ya kituo kuna nyumba ya watawa, watawa watatu na mbuzi wengi kuliko watawa. Mkubwa wao, Baba Ghelasie, ni mzee, macho yamemchoka, lakini kila asubuhi anasoma majina anayoletewa. Jumapili ya tarehe 31 nilimpa karatasi ile ayasome kwa siku arobaini. Mnanijua, nimewafundisha fizikia miaka minne na sikuwahi kuwaambia mwashe mshumaa. Ila nimeita majina asubuhi kwa miaka ishirini na miwili, na sasa siyaiti, na nilitaka mtu awe anayaita. Nikamwambia tu, "Hawa ni wanangu." Aliniwekea mkono begani, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaichukua.

Kuhusu Juni siwezi kuahidi. Zamu zetu hazitabiriki. Na kuhusu mshahara, ndiyo, ni mzuri. Waambie hivyo.

Mwalimu wenu,
Leontin Sabău

*

Valea Răchitei, 25 Februari 1999

Mwalimu, shikamoo,

Nakuandikia jambo la kukuchekesha, na nitafurahi sana ukicheka.

Jumatatu ya juzi Bi. Rusu alifungua mlango wa darasa, akatutazama wote tumekaa, kisha akageuka kwenye korido na kumuuliza Mama Varvara 12B wamekwenda wapi. Mama Varvara akamwonyesha kwa mpini wa fagio kwamba ndio hao. Bi. Rusu akatazama tena, akasema "ah", akaingia. Traian akatania kwamba hatimaye tumepata mwalimu asiyetuona. Tulicheka. Sasa hatucheki, maana imetokea mara nne, na mlinzi wa getini naye anatufungia lango usoni, kisha anaomba radhi.

Mzee Dorel alikuja kutupiga zile picha za kuhitimu, zinazowekwa kwenye dirisha la duka la dawa mji mzima uzitazame. Watu ishirini na wanne, na kila mmoja ametoka macho yamefumbwa. Akarudia. Yamefumbwa. Amerudia mara ya tatu kwa filamu mpya na kamera ya shemeji yake, na sasa hataki kutukaribia.

Jumapili nyanyangu alikuwa akiongea na dada yake kwenye simu, mimi nipo mezani na kijiko mkononi. Nikamsikia anasema, "Ilinca wetu, Mungu amrehemu, alikuwa anaupenda sana mchuzi huu." Nikamwambia, "Bibi, mimi nipo." Akaniuliza amesema nini. Hakujua kabisa, Mwalimu. Nilipomwambia alijipiga mdomo na kulia mpaka mchuzi ukapoa.

Sorana Pintea amelala tangu Jumamosi. Anapumua, daktari haoni ugonjwa, lakini haamki. Sisi wengine tunasikia baridi hata tukikaa na stovu. Mama Varvara hutushika mikono koridoni mmoja mmoja. Jana alishika wangu akauachia haraka, akasema, "Hii ni mikono ya Pamfil walipomtoa." Kisha akaenda kupiga kengele, na niliiona inacheza mkononi mwake kabla sijaisikia.

Nataka uniambie ni kipindi tu cha baridi na mitihani. Ukiniambia wewe nitaamini.

Ilinca, namba ishirini na mbili

*

Piatra Vântului, 9 Machi 1999

Ilinca,

Barua yako imepanda leo pamoja na mkate. Nimeisoma nimesimama, nikaacha vipimo vya saa nne bila kusoma, kitu ambacho sijawahi kufanya, na nikateremka kwa watawa nikiteleza nusu ya njia.

Kosa ni langu na ninaliandika wazi. Kanisani kwao karatasi zimegawanywa, za walio hai zinasomwa kwanza, za marehemu baadaye. Ya marehemu hutambulikana kwa msalaba mweusi juu yake. Nyanya zenu wote wanalijua hili, mimi tu mwenye shahada sikulifikiria. Pamfil alikuwa namba moja kwenye rejista, kwa hiyo msalaba aliochorewa na mama yake umekaa juu ya majina yenu yote.

Nilimuuliza Baba Ghelasie karatasi yangu iko wapi. Akanyoosha mkono upande wa marehemu bila hata kutafuta. Akasema, "Uliniambia ni wanao, ishirini na watano, nikakulilia usiku kucha. Nilidhani ni ajali ya basi."

Amewaombea pumziko la milele kila asubuhi, kwa majina yenu kamili. Leo ilikuwa siku ya thelathini na nane. Unajua kinachoaminika kuhusu siku ya arobaini, kwamba roho huaga dunia moja kwa moja, na zaidi ya hapo siandiki.

Nimeichukua karatasi kwa mkono wangu nikaihamishia kwa walio hai, na nilisimama pale mpaka aliposoma yote upya kwa sauti. Nijulishe kuhusu Sorana. Nijulishe upesi.

L. S.

*

Valea Răchitei, 28 Machi 1999

Mwalimu, shikamoo,

Sorana aliamka tarehe tisa, asubuhi, akadai viazi vya kukaanga. Nilipompelekea habari ya karatasi alisema alikuwa anasikia mzee anaita majina mahali penye baridi, na alikuwa anasubiri zamu yake ifike aitike. Yeye ni namba kumi na saba. Hatumwambii hayo mama yake.

Kelele zimerudi darasani. Bi. Rusu anatuona vizuri mno, kanipokonya redio. Mzee Dorel amepiga picha upya, macho yote yamefunguka, Traian ameonekana mjinga kama alivyo. Tulitaka kukuandikia siku ile ile kukushukuru, nikachelewa, na sababu ya kuchelewa ndiyo hii.

Mzee Dorel ametupa bahasha yenye picha ishirini na tano. Ya kwanza imetoka na ukungu. Anasema kijana aliyekaa kwanza hakutulia, akarudi kesho yake apigwe tena. Mlinzi anahesabu ishirini na watano getini na anasaini hivyo. Karani ametutolea kadi za mtihani, ya juu kabisa imeandikwa Achim Pamfil. Alipoulizwa alisema kosa la mashine, akaichana, kesho yake ikawa juu ya nyingine tena. Jumanne Bi. Rusu alianzia namba moja. Aliita, akasubiri kidogo, akaweka alama ya kuwepo, akaendelea na namba mbili. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Kila asubuhi Mama Varvara anafuta maji yanayokutwa chini ya dawati la kwanza, lile la dirishani alilokaa Pamfil. Mvua haijanyesha mwezi mzima. Hanung'uniki. Anaimba, Mwalimu. Tangu Desemba hatujamsikia hata akikohoa, na sasa anaimba, na siku moja nilimkuta anapiga pasi shati jeupe la kiume. Aliniambia geti la nyumbani kwake halifungwi tena kwa komeo. Kisha akanishika mkono akasema, "Ilinca mwanangu, usimwandikie mwalimu."

Nimekaa na ombi lake siku kumi. Nisamehe nawe, na yeye anisamehe.

Ilinca, namba ishirini na mbili

*

Piatra Vântului, 11 Aprili 1999

Ilinca,

Kristo amefufuka. Ndivyo tunavyosalimiana leo Pasaka, na sijawahi kuyaandika maneno haya kwa woga kama leo.

Nilihamisha karatasi nzima. Niliwafikiria ninyi ishirini na wanne nikasahau aliyetangulia. Kila asubuhi Pamfil anatajwa kati ya walio hai, na anaombewa afya na maisha marefu.

Nimemwomba Baba Ghelasie alikate jina lile. Amekataa. Mama Varvara amekuja huku, kwa miguu, katika Kwaresima, akamsihi aliache lilipo, akawasha mshumaa upande wa walio hai. Baba ananiambia, "Mimi ni msomaji tu. Mama akisema mwanawe yupo, mimi ni nani nimsahihishe?" Alipokuja hakupanda mpaka kituoni kunisalimu. Namwelewa.

Nilikudanganya kuhusu mshahara. Tarehe nne Desemba, baada ya kipindi cha nne, Pamfil alikuja mezani kwangu akaomba ruhusa aende nyumbani mapema. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Sikumuuliza kwa nini. Nilisema, "Nenda," sikuinua hata macho. Angengoja vipindi viwili angepita darajani na wenzake, lakini alikuwa na haraka, akapita juu ya barafu. Desemba nne, barafu changa, na mimi ndiye mwalimu wa fizikia.

Vile vipindi viwili alivyokosa, cha tano na cha sita, vipo kwenye rejista mpaka leo. Nilikuwa nivizungushie duara kesho yake. Kila asubuhi nilifungua ukurasa ule nikaanzia namba mbili. Ndiyo maana nilitafuta kazi ambayo haina majina.

Leontin Sabău

*

Valea Răchitei, 9 Mei 1999

Mwalimu, shikamoo,

Sikuwaonyesha wenzangu barua yako. Nimeificha ndani ya kitabu cha kemia, mahali ambapo hakuna atakayetazama.

Nilikuwa nimeamua tunyamaze, tumwachie mama furaha yake, inamdhuru nani. Sasa nimeona inayemdhuru. Mpishi wa bwenini alikuwa anagawa supu, Mama Varvara amesimama na bakuli, akamruka akampa aliye nyuma yake. Mkuu wa shule ametangaza nafasi ya mfagiaji. Alipoambiwa mfagiaji yupo, alishangaa, akasema, "Varvara, Mungu amrehemu, si alikuwa anafagia vizuri." Mama Varvara alikuwa pale mlangoni na ndoo. Alicheka tu.

Amekonda. Mikono yake ni kama ilivyokuwa yetu. Kengele anaipiga kwa nguvu zote na sisi wa ghorofa ya juu hatuisikii, tunatoka kwa kutazama saa. Nilimwambia, "Mama, unatoweka." Akanijibu, "Nafasi ni moja tu, mwanangu. Na akae yeye."

Sidhani atamaliza kiangazi hiki. Nimejaribu kumbembeleza, Sorana amejaribu, nyanyangu amempelekea mkate akarudi nao. Hatusikilizi, lakini bado anakutaja wewe. Jana aliniuliza mwalimu wako anakula nini huko juu.

Mkuu amesema Juni jina lenye mstari mwekundu halitaitwa. Lisipoitwa hakuna atakayejibu, na mambo yatabaki hivi hivi. Njoo uite, Mwalimu. Sikuombi kwa ajili ya sherehe.

Ilinca, namba ishirini na mbili

*

Piatra Vântului, 22 Mei 1999

Ilinca,

Nitakuja tarehe 11 Juni, kwa basi la asubuhi. Nimemwandikia mkuu kwamba nitaita au sitaita, lakini nikiita naanzia namba moja. Amekubali, nadhani kwa kuchoka.

Waambie wenzako nikiita jina lile wasijibu kwa niaba ya mtu. Hilo jibu si lenu, wala si langu. Naogopa kumwona mama yake kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, nakuandikia ili nisije nikajifanya vinginevyo.

L. Sabău

*

Valea Răchitei, 13 Juni 1999

Mwalimu Sabău, shikamoo,

Uliondoka na basi la saa saba kabla hata hatujakupa maua, kwa hiyo yapo kwa nyanyangu kwenye ndoo. Najua ulikuwepo, na unaweza kusema huna haja ya kusimuliwa. Ila hukuinua macho kutoka kwenye rejista, na Sorana na Traian tayari wanabishana nani alisema nini, kwa hiyo naandika niliyoyaona, ili yawe yameandikwa mahali.

Tulijipanga uani kwa mpangilio wa rejista. Hatukuambizana, lakini mwanzo wa mstari tuliacha nafasi ya mtu mmoja. Lami pale ilikuwa na unyevu, na jua lilikuwa kali. Mama Varvara alisimama karibu na ngazi na kengele yake. Wazazi walikuwa wanampita wakimgonga mabega bila kuomba radhi.

Uliita "Achim Pamfil." Tulinyamaza kama ulivyotuagiza. Mkuu akakohoa. Namba mbili alikuwa Bogdana, na aliniambia baadaye kwamba aliyesimama kando yake alivuta pumzi ya mtu anayetaka kuitika.

Hapo ndipo Mama Varvara akasema, "Hayupo."

Alisema taratibu, lakini uwanja mzima ulisikia. Watu waligeuka kumtafuta. Kisha akakwambia wewe, "Mwalimu, aliomba ruhusa. Ilikuwa sikukuu ya jina langu, Mtakatifu Varvara. Asubuhi nilimwambia awahi kurudi, nimeoka keki. Nilimwambia mimi awahi. Wewe ulimruhusu tu." Nadhani hapo ndipo kalamu ilikuponyoka, maana nilimwona mkuu akiinama kuiokota. Akaongeza, "Mwandikie ruhusa yake, mwalimu, asikae mlangoni. Mwandikie aende."

Ulizungusha maduara mawili. Nilikuwa mbali lakini niliuona mkono. Kisha ukaita namba mbili na Bogdana akasema "nipo" kwa sauti iliyowatisha njiwa, nasi wote tukajibu hivyo hivyo, kwa kupiga kelele. Hukuona kwamba ulipofika kwangu, lami ya mwanzo wa mstari ilikuwa imeanza kukauka. Wala hukuona alivyoipiga kengele ya mwisho. Waliisikia mpaka ng'ambo ya mto, nyanyangu ananiambia aliisikia jikoni.

Nilipokuwa nakusindikiza kwa macho kuelekea kituo cha basi alinijia, akasema nikuandikie kwamba atapanda kwa Baba Ghelasie wiki ijayo kuhamisha jina kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba akifika huko atapanda mpaka kituoni, umchemshie chai. Usijifiche.

Leo asubuhi nilikwenda kuchukua vitabu vyangu. Nilimkuta mlangoni mwa darasa na ndoo na tambara, maana alishazoea. Alipiga magoti kwenye dawati la kwanza, akapitisha kiganja sakafuni, akanionyesha. Kilikuwa kikavu. Akakaa pale pale chini akalia, kwa sauti kubwa, kilio ambacho nadhani alikuwa amekibana tangu Desemba.

Mlinzi alikuja mbio kutoka getini. Nikamwambia, "Ni Mama Varvara."

Akajibu, "Si ninamwona," na akavua kofia.

Ilinca Tămaș, namba ishirini na mbili